Kiganja Mbele ya Boneti

Gari la mashindano halina ufunguo. Halina honi, halina redio, halina mahali pa kuweka mwavuli wala chupa ya maji, na halina kiti cha pili. Fundi alipenda kuwaambia hivyo wateja waliofika gerejini kwake wakidhani kwamba mtu aliyehudumia magari ya mashindano nusu ya maisha yake angeona haya kushika vigari vyao vya kwendea kazini. Alikuwa akiwaeleza huku anapangusa vidole kwa kitambaa cheusi kwa oili. Gari la mashindano, alisema, ni mtoto mmoja mwenye yaya kumi. Likikohoa, watu wote wanaruka. Kigari chako hiki hakina yaya, chenyewe ndicho kinacholea watu. Kinabeba mgonjwa, kinabeba saruji, kinabeba bibi harusi, kinasahauliwa kumwagwa oili mpaka oili inakuwa uji, na bado asubuhi ukikiwasha kinawaka. Sasa hapo, lipi ndilo gari?

Wateja walicheka. Yeye hakuwa mtu wa kucheka. Alipomaliza kazi alimwomba mwenye gari akae kwenye usukani na kuwasha injini, halafu akaenda kusimama mbele, karibu kiasi cha kugusa boneti, akainua mkono wa kulia, kiganja kikimwelekea dereva. Akasikiliza. Akatazama tairi la huku na la kule, akainama kuona kama kuna kinachodondoka. Ndipo aliposhusha mkono na kusogea pembeni. Baadhi ya wateja walimwita Trafiki kwa ajili hiyo, na wengine walidhani ni aina fulani ya dua.

Haikuwa dua. Ishara ile aliitoa kwenye timu yake ya zamani ya mashindano. Kwenye banda la mafundi, siku ya mashindano, gari huingia likiwa la moto na hutakiwa litoke kabla mtu hajamaliza kupumua. Huyu amelala chini yake, yule ameshika gurudumu, mwingine amesahau spana mahali ambapo spana haitakiwi kusahauliwa. Dereva haoni lolote katika hayo. Amefungwa mikanda mpaka shingoni, na kofia ngumu imembana kichwa. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja. Fundi mkuu anasimama mbele na kuinua kiganja. Kiganja kikiwa juu, dereva anaweka mikono yake yote miwili juu kabisa ya usukani, mahali ambapo kila mtu anaiona, na gari halisogei. Washindani wakipita, wapite. Mwenye timu akipiga kelele, apige. Dereva haulizi kuna nini. Mkono ukishuka, anaondoka.

Dereva wao waliyemwita Mshale hakuwahi kusogea kabla ya mkono kushuka. Mara moja mkono ulikawia. Fundi alikuwa amesikia nati ya gurudumu la nyuma ikikazwa kwa sauti asiyoipenda, akataka ifunguliwe na kukazwa upya, na kombe likaenda kwa watu wengine huku wao wakiwa wamesimama bandani. Baadaye walilifungua gurudumu lile wakakuta nati haikuwa na kasoro yoyote. Mwenye timu alitukana mpaka akakauka koo. Mshale alivua glavu zake taratibu, akasema, "Mkono ni mkono," akaenda kuoga.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo timu ilimfundisha Fundi, na hilo ndilo lililokuja kumponza. Dereva akisema gari linavuta upande mmoja, hakuna anayemuuliza kama ni yeye anayevuta. Akisema usukani ni mwembamba, unanenepeshwa. Kiti kinachongwa kwa kufuata mgongo wake, pedali zinasogezwa kufuata miguu yake. Kasoro ikitokea, inatafutwa kwenye chuma. Dereva hatengenezwi, gari ndilo linalotengenezwa. Fundi aliishi ndani ya wazo hilo miaka mingi mpaka likawa kama lugha yake ya kwanza.

Timu ilivunjika, kama timu nyingi, bila mtu kutangaza. Mwenye timu alichoka, banda likageuzwa bohari la mbao. Kufikia hapo Mshale alikuwa ameshamwoa dada yake Fundi. Alikuja nyumbani kwao siku moja kuuliza habari za breki, na dada mtu akamwambia kwamba mdogo wake ametoka, ila kama ni jambo la kusimama, hata yeye anaweza kumfundisha. Ikawa kichekesho cha familia kwa maisha yao yote: alikuja kutafuta breki, akaipata.

Basi Mshale aliyezoea kulala chali ndani ya gari lenye kiti kimoja akanunua kigari cha kijivu chenye milango minne, cha kawaida kabisa, cha aina ambayo ukikiegesha mbele ya benki unarudi ukikuta vinne vinavyofanana nacho. Alikiendesha kwa adabu ya ajabu. Wapita njia hawakujua kwamba yule mzee anayewapisha kwenye kivuko aliwahi kupita kona kwa mwendo wa kufanya watu wafumbe macho. Watoto wake wawili walisomea ndani ya kigari kile, maana ndimo walimofanyia kazi zao za shule wakiwa wanapelekwa na kurudishwa, kisha wakakua, wakaenda kuishi mbali na kuwa watu wa simu.

Kisha figo za dada zikachoka. Ikabidi apelekwe hospitali siku moja ndiyo, siku moja hapana, afungwe kwenye mashine, damu itoke, ioshwe, irudi. Alitoka pale akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Teksi zilikuwepo, na kila aliyewatembelea aliwatajia teksi. Mshale aliwajibu wote kwa upole kwamba mke wake hapelekwi na mtu asiyejua ni shimo lipi linaloumiza.

Na kweli alilijua kila shimo. Ila Fundi, aliyekihudumia kigari kile, alianza kuona mambo. Kwanza mchubuko kwenye mlango wa upande wa abiria, rangi ya ukuta wa mtu. Kisha matairi ya upande huohuo, yamelika ubavuni kwa kusuguana na kingo za barabara. Kisha kioo cha pembeni kimevunjika na kuning'inia kwa waya. Mshale alikuwa na maelezo: mlango wa hospitali umejengwa vibaya, kioo chenyewe kilikuwa kidogo mno.

Fundi alifanya kama alivyofundishwa. Alifunga kioo kikubwa, kile chenye tumbo kinachoonyesha barabara nzima. Baada ya muda akaongeza cha pili kama hicho ndani, juu ya dirisha la mbele. Alipandisha kiti na kukisogeza, akauchonga mgongo wake ili Mshale akae sawasawa na kuona zaidi, akasogeza pedali zikutane na miguu yake. Akabadilisha taa. Kila alipomaliza alisimama mbele, akainua kiganja, Mshale akaweka mikono juu ya usukani kama zamani, wote wawili wakiwa na mvi, na mkono ulipokuwa ukishuka Fundi alijisikia amefanya kazi safi. Hakujiuliza hata mara moja kama gari lilikuwa na kasoro yoyote tangu mwanzo.

Siku moja alipanda kiti cha nyuma ili asikilize mlio ambao Mshale aliulalamikia. Mlio haukuwepo. Alichosikia ni sauti ya dada yake. Alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani, anaongea polepole bila kugeuza kichwa, kama mtu anayesali peke yake. "Baiskeli, upande wangu. Mama na mtoto, wanataka kuvuka. Pikipiki inakuja, inakuja, imepita. Gari jeupe linarudi nyuma." Na Mshale alikuwa akiitikia kwa mguu: anapunguza, anangoja, anakwenda. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba usipotega sikio ungedhani mke anamsimulia mumewe habari za jirani.

Waliporudi, Fundi alimfuata dada yake chumbani, akamkuta anakunja nguo zilizokauka, kipande cha barafu kikiyeyuka mdomoni. Alikuwa amekatazwa maji mengi, hivyo alijidanganya kwa barafu.

Fundi alimuuliza ni tangu lini.

"Unadhani sijui?" dada yake alisema. "Daktari wa macho alimwambia mbele yangu. Ni presha ya macho, inakula kuanzia pembeni. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele anakiona vizuri kuliko wewe."

Fundi alisimama pale akifikiria barabara ya mashindano. Kule kila mtu anaelekea upande mmoja, na cha kutazama kiko mbele, mbali, pale kona inapofungukia. Mtu mwenye macho ya namna ile angeweza hata kushinda. Lakini mtaani vitu havitoki mbele. Mtaani mpira unatoka uchochoroni, na nyuma ya mpira anatoka mwenye mpira.

"Na bado unapanda?"

"Nikishuka, nani atabaki humo?" Alikunja shati la mumewe, akalilaza juu ya mengine. "Mdogo wangu, mimi nina mashine yangu. Yeye hana mashine. Ana hilo gari. Siku akiambiwa akae nyumbani, kazi yake itakuwa moja tu, kuniangalia ninavyoisha."

Fundi aliuliza swali moja zaidi. Aliuliza kuhusu safari ya kurudi, baada ya mashine.

Barafu iligonga meno ya dada yake. "Wakati wa kurudi," alisema, "huwa nalala."

Fundi hakufanya lolote. Alirudi gerejini, na aibu ya kweli ni kwamba alianza kufikiria honi inayolia yenyewe gari likikaribia kitu.

Halikupita juma. Wakiwa wanarudi, dada amelala na shavu lake liko kwenye kioo, Mshale alimgonga muuza mikate. Mtu wa baiskeli, alikuwa kando ya barabara mahali pake halali, mchana mweupe. Mungu aliwaangalia: kiwiko kilichubuka na gurudumu la mbele likapinda. Dada aliamshwa na kishindo, na yeye ndiye aliyemsimulia mdogo wake baadaye kwa simu. Mshale alishuka akaomba radhi mara nyingi, kisha akaanza kuokota mikate iliyotawanyika, mmoja mmoja, anaifuta vumbi kwa mkono wa shati. Muuza mikate mwenyewe alisahau hasira yake akabaki kumtazama, kwa sababu yule mzee aliiokota mikate ya mbali bila tabu, na ule uliolala kando ya kiatu chake aliuruka, akarudi, akauruka tena.

Jioni ileile, jua likiwa bado lipo, Mshale alileta gari gerejini. Bampa limebonyea upande wa abiria na taa imepasuka. Baiskeli alikuwa ameifunga kwenye buti. Fundi aliishughulikia baiskeli kwanza. Alinyoosha gurudumu bila kusema kitu, akizungusha, akikaza waya huu, akilegeza ule, na Mshale alikaa juu ya tairi kuukuu akiongea kwa wote wawili. Alisema taa hizi ni hafifu.

"Ilikuwa mchana, shemeji."

Basi kioo, Mshale alisema. Kioo kile kinatetemeka. Na nguzo ya dirisha la mbele ni nene mno, wanazitengeneza siku hizi nene kama za daraja, mtu anapotelea nyuma yake. Kama ingewezekana kuikata kidogo. Kwenye timu waliwahi kukata zaidi ya hapo.

Fundi alisimamisha gurudumu kwa kiganja. Neno alilotaka kusema hakuwahi kumsikia fundi yeyote akimwambia dereva, si kwenye timu yao wala timu za watu wengine.

"Gari halina tatizo," alisema.

Mtaani mtu alikuwa anashusha mlango wa duka, ule mlio mrefu wa bati. Ulipokwisha Mshale aliinuka, akaenda kwenye ukuta zinakoning'inizwa funguo, akaupapasa mpaka akaupata msumari, akachukua wake.

"Kesho nampeleka mke wangu," alisema. Aliondoka na taa moja, taratibu, na kwa mara ya kwanza hakungoja mtu asimame mbele yake.

Fundi anajua njia mia za kulizuia gari lisiwake. Waya mmoja wa betri, fyuzi moja ndogo kama ukucha, na Mshale angekaa pale anazungusha ufunguo bure. Aliziwaza zote alipokuwa anavaa viatu asubuhi. Kisha akaziacha. Fundi anayeharibu gari kwa siri ili dereva asiende, kwenye timu mtu wa namna hiyo hakuwa na jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfikiria. Mshale angefungua boneti, angeiona ile fyuzi imekosekana, na angejua ni mkono wa nani. Angekuwa amepoteza macho na fundi kwa pamoja. Hivyo alitoka bila kubeba kitu, hata bisibisi.

Alipofika getini kwa dada yake alimkuta Mshale anamfunga mkewe mkanda. Alifanya hivyo kwa uangalifu mkubwa, akiupitisha mbali na mkono ule wenye mshipa wa kuchomwa sindano, kisha akafunga mlango bila kuubamiza. Alizunguka kwa nyuma, kidole kikifuata ubavu wa gari, akaingia, akawasha. Injini ilikuwa nzuri. Fundi aliisikia ilivyotulia, na kwa sekunde moja alijivunia.

Kisha alipita getini, akasimama mbele ya boneti, akainua kiganja.

Mikono ya Mshale ilipanda juu ya usukani yenyewe, kabla mwenye mikono hajaamua.

Dirisha lilikuwa wazi. Fundi alimsikia dada yake akisema, kwa sauti ileile ya safari, "Mbele kuna mtu."

"Namwona."

"Amesimama. Mkono uko juu."

"Namwona, mke wangu."

Injini iliendelea kunguruma. Mshale alimtazama Fundi kupitia kioo, na ndani ya lile bomba lake pengine hapakuwa na kitu kingine chochote duniani isipokuwa kiganja kile chenye makovu. Halafu alifanya jambo ambalo hakulifanya miaka yote ya timu. Aliuliza.

"Ni tairi?"

"Tairi ni zima, shemeji."

"Breki?"

"Breki ni nzima."

"Kuna kinachovuja?"

"Hakuna."

"Basi shusha."

Fundi hakushusha. Bega lilikuwa limeanza kuuma. Si bega la ujana lile. Dada yake alitazama mbele tu, midomo imebana, akiwa hana cha kumsomea mumewe barabarani isipokuwa mkono ule ambao ameshausoma. Hakumtetea mumewe wala hakumtetea mdogo wake. Gari moja lilipita barabarani, na jingine.

Mshale aliondoa mkono mmoja kwenye usukani. Akauteremsha mpaka kwenye ufunguo, akauzungusha, na injini ikanyamaza.

"Mkono ni mkono," alisema, si kwa mtu yeyote.

Alishuka. Alisimama kidogo ameshika mlango kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi, kisha akafungua mlango wa nyuma, ambao tangu wanunue gari lile hakuwahi kuupita, akaingia na kukunja magoti yake marefu. Fundi akakaa kwenye usukani. Kiti alichokichonga kwa mkono wake kilimkataa; kilikuwa na mgongo wa mtu mwingine, na pedali zilikuwa mbali na miguu yake. Maisha yake yote alikuwa ameendesha magari kutoka mlangoni mwa gereji hadi kwenye jeki na kurudi. Alitoka getini akiwa ameinama mbele kama mtu anayesukuma mkokoteni.

Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa mtaa.

"Gia ya pili, shemeji," Mshale alisema kutoka nyuma. "Hilo si jeneza."

Fundi akaingiza ya pili. Karibu na soko dogo la kona dada yake alifungua mdomo kwa mazoea. "Baiskeli, upande wangu," alisema. Kisha akakumbuka ni nani anayeendesha, akanyamaza.

Kwenye kioo kile cha ndani chenye tumbo Fundi alimwona Mshale ameegemeza kichwa, macho ameyafumba.

"Endelea kusoma," Mshale alisema.

Dada hakugeuka. Alirudisha mkono wake nyuma, kati ya viti viwili vya mbele, ukabaki pale hewani mpaka ukashikwa.

"Baiskeli imepita," alisema. "Mwanamke ana kapu. Mbele pako wazi."